Kuyaelewa Majibu ya Kipimo cha Wingi wa Virusi vya Homa ya Ini B: Mwongozo kwa Waamini na Familia

Mwamini anaingia ofisi ya parokia baada ya Misa ya asubuhi, anafunga mlango, kisha anatoa mfukoni karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Juu ya karatasi hiyo kuna jina lake, tarehe, na namba ndefu. Anaiweka mezani mbele yetu na kuuliza swali moja tu: "Padre, hii maana yake nitakufa?" Sisi si matabibu, na hatupaswi kujifanya matabibu. Hata hivyo mchungaji anayeletewa karatasi kama hiyo hawezi kuitazama kwa macho ya mgeni, kwa kuwa nyuma ya namba ile kuna ndoa inayosubiri kufungwa, mama anayemnyonyesha mtoto, au baba aliyekwisha kuanza kuuza mifugo ili amlipe mganga.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuandaa mwongozo huu. Tumeuandika kwa msaada wa mafundisho ya kitabibu yanayokubalika, hususan mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2024, ili mwamini aweze kuyasoma majibu yake bila hofu isiyo na msingi na bila faraja ya uongo. Hauchukui nafasi ya daktari. Lengo lake ni kumsaidia mgonjwa aende kwa daktari akiwa na maswali yaliyo sahihi.

Homa ya ini B ni nini?

Homa ya ini B ni ugonjwa unaosababishwa na kirusi kinachoshambulia ini. Tusiuchanganye na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa unaoenezwa na mbu. Kirusi cha homa ya ini B kiligunduliwa katika miaka ya 1960 na mwanasayansi wa Marekani, Baruch Blumberg, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Siku ya Homa ya Ini Duniani huadhimishwa tarehe 28 Julai, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa.

Kirusi hiki huenea kwa njia ya damu na majimaji ya mwili: kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kwa tendo la ndoa, kwa kuchangia sindano, nyembe na vifaa vya kutogea au kuchanjia, na kwa kuongezewa damu isiyopimwa. Kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Kwa hiyo wembe uliotumika wiki iliyopita bado unaweza kuambukiza.

Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukishinda kirusi chenyewe. Ni wachache, pungufu ya watano katika kila mia, wanaobaki nacho. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume: karibu tisa katika kila kumi hubaki nacho maishani. Ndiyo maana watu wengi wazima wanaogundulika leo walikipata utotoni, pengine siku ile ile walipozaliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B sugu, na kwamba katika mwaka huo ugonjwa huu ulisababisha vifo vipatavyo milioni 1.1, vingi vikitokana na ini kujaa makovu na saratani ya ini.

Tukumbuke basi neno hili la kichungaji: mwenzi anayegundulika na homa ya ini B hajathibitishwa kuwa mwasherati. Tumewahi kuona nyumba zikivunjika kwa tuhuma ambazo kipimo hakikuzisema.

Vipimo vinavyotangulia

Kipimo cha wingi wa virusi si kipimo cha kwanza. Watu wengi hugundua hali yao wanapokwenda kuchangia damu, kliniki ya wajawazito, au kwenye uchunguzi wa afya kabla ya ajira au masomo. Kipimo kinachotumika hapo huandikwa HBsAg, nacho hutafuta antijeni iliyo kwenye uso wa kirusi. Kikiwa chanya, maana yake kirusi kimo mwilini. Kikiendelea kuwa chanya kwa zaidi ya miezi sita, maambukizi huitwa sugu.

Karatasi hiyo inaweza pia kuwa na herufi nyingine zinazofanana, na hapo ndipo wengi hupotea. Anti-HBs ni kingamwili zinazomlinda mtu: zikiwa 10 au zaidi, mtu huyo analindwa, ama kwa chanjo ama kwa kupona. Tumewahi kumfariji mwamini aliyelia usiku kucha kwa sababu karatasi yake ilisema "chanya", kumbe kilichokuwa chanya ni kinga aliyoipata kwa chanjo. Anti-HBc huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. HBeAg ni antijeni nyingine, ambayo kwa kawaida ikiwa chanya huashiria kwamba virusi vinazaliana kwa wingi.

Baada ya HBsAg kuthibitishwa kuwa chanya, ndipo daktari huagiza kipimo cha wingi wa virusi, ambacho kwenye karatasi huandikwa HBV DNA. Yaani hutafuta na kuhesabu vinasaba vya kirusi vilivyomo katika damu.

Jinsi ya kuisoma namba

Jibu huandikwa kwa kipimio cha IU/mL, maana yake vizio vya kimataifa katika kila mililita moja ya majimaji ya damu. Mililita moja ni kiasi kidogo kuliko kinachojaza kijiko cha chai. Karatasi ikisema 1,700 IU/mL, maana yake katika kila mililita kuna vizio 1,700.

Kuna mambo manne yanayowachanganya wasomaji.

La kwanza ni kipimio chenyewe. Baadhi ya karatasi, hasa za zamani, hutumia nakala katika mililita badala ya vizio vya kimataifa. Kizio kimoja ni sawa na nakala zipatazo tano. Hivyo nakala 10,000 ni sawa na vizio vipatavyo 2,000. Mtu aliyepimwa kwa nakala mwaka mmoja na kwa vizio mwaka unaofuata anaweza kudhani amepata nafuu kubwa, kumbe hali ni ile ile.

La pili ni namba inayoitwa logi. Kwa kuwa virusi vinaweza kuwa kumi au vikafika mamia ya mamilioni, wataalamu hufupisha kwa kuhesabu ni mara ngapi kumi imezidishwa kwa yenyewe. Logi 2 ni 100, logi 3 ni 1,000, logi 4 ni 10,000, logi 6 ni 1,000,000. Mzee mmoja alitujia kwa furaha akisema ana virusi sita tu. Karatasi yake iliandikwa logi 6.2, ambayo ni zaidi ya vizio milioni moja na nusu. Alikuwa ameahirisha kurudi hospitalini kwa sababu ya furaha hiyo.

La tatu ni herufi E. Mashine nyingine huandika 3.4E+05. Maana yake ni 3.4 ikizidishwa kwa kumi mara tano, yaani 340,000. Anayesoma 3.4 peke yake amepotea njia.

La nne ni mabadiliko madogo. Wingi wa virusi hupanda na kushuka wenyewe, na kipimo chenyewe kina tofauti zake ndogo. Mabadiliko yasiyofika nusu logi, yaani yasiyofika takriban mara tatu, kwa kawaida hayana maana ya kitabibu. Aliyekuwa na 600 na sasa ana 1,000 hajazidiwa. Aliyekuwa na 1,500 na sasa ana 900 hajaponywa na mizizi aliyokunywa. Mabadiliko ya logi moja, yaani mara kumi, ndiyo yanayomfanya daktari aketi vema kitini.

Mipaka miwili ya kukumbuka

Mpaka wa kwanza ni 2,000 IU/mL. Kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2024, mtu mzima au kijana mwenye wingi wa virusi unaozidi 2,000, na ambaye pia kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kiko juu ya kawaida, anastahili kuanzishiwa dawa. Mpaka wa pili ni 200,000 IU/mL, nao unawahusu hasa wajawazito, kama tutakavyoona.

Namba kubwa ina uzito wake. Utafiti mashuhuri uliofanyika Taiwan na kuchapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,600 kwa zaidi ya miaka kumi. Katika kundi lenye virusi vichache kabisa, watu wapatao mmoja katika kila mia walipata saratani ya ini. Katika kundi lenye virusi vingi zaidi, walikuwa karibu kumi na watano katika kila mia. Utafiti huo unatufundisha mambo mawili kwa pamoja: wingi wa virusi unaodumu kwa miaka ni hatari ya kweli, na hata katika kundi lenye virusi vingi zaidi, walio wengi hawakupata saratani katika muda huo.

Namba haisomwi peke yake

Hili ndilo fundisho kuu la mwongozo huu. Wingi wa virusi hutueleza kirusi kinafanya nini. Hautuelezi ini limeumia kiasi gani. Ili kulijua ini, daktari hutazama pia:

- ALT, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye chembe za ini zinapoumia. Mwongozo wa mwaka 2024 huweka kikomo cha kawaida kuwa 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake, ambacho ni cha chini kuliko kinachochapishwa kwenye karatasi za maabara nyingi.
- Makovu ya ini. Hospitali kubwa hupima ugumu wa ini kwa mashine maalumu. Pasipo na mashine hiyo, daktari hutumia hesabu iitwayo APRI, itokanayo na kimeng'enya AST na idadi ya chembe sahani za damu, vipimo ambavyo hospitali nyingi za wilaya na za misheni zinavyo.
- Ultrasaundi ya tumbo.
- Umri, magonjwa mengine kama VVU na kisukari, na kama kuna ndugu wa damu aliyepata saratani ya ini.

Tutoe mifano mitano, si ya watu halisi, ili jambo lieleweke.

Mwanamume wa miaka 35 ana virusi 850, ALT 22, HBeAg hasi, na ini lisilo na makovu. Kwa kawaida huyu hahitaji dawa kwa sasa, ila atarudi kupimwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Asipotee, kwa maana hali hii inaweza kubadilika.

Mama wa miaka 42 ana virusi 48,000 na ALT 65. Amevuka mpaka wa 2,000 na ini lake linaumia. Huyu anastahili dawa.

Kijana wa miaka 19 ana virusi 180,000,000, ALT 20, na HBeAg chanya. Namba hii hutisha kuliko zote, lakini kwa vijana walioambukizwa utotoni ni jambo linalojulikana: virusi ni vingi sana, na mwili bado haujaanza kupambana navyo kwa nguvu, hivyo ini linaweza kuwa salama. Anahitaji kufuatiliwa kwa karibu na uamuzi wa daktari, hasa kama ana ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini. Hahitaji kuacha masomo wala kuandika wosia.

Mzee wa miaka 58 ana virusi 300 tu, lakini tumbo limejaa maji na ini limejaa makovu. Namba yake ni ndogo kuliko ya kijana kwa maelfu ya mara, naye ndiye aliye hatarini zaidi. Mwenye makovu makubwa ya ini anastahili dawa hata kama virusi ni vichache. Hapa ndipo namba ndogo inapoweza kudanganya.

Mama mwenye mimba ya miezi sita ana virusi 950,000. Yeye mwenyewe anaweza kuwa mzima, lakini mtoto aliye tumboni yuko hatarini. Tutarudi kwake.

"Havikuonekana" maana yake nini?

Mgonjwa anayetumia dawa vizuri, baada ya miezi kadhaa au zaidi ya mwaka, huweza kupata jibu kwamba virusi havikuonekana. Ni habari njema, na inafaa kumshukuru Mungu kwayo. Lakini tuielewe. Kila mashine ina kiwango cha chini inachoweza kuona. Jibu la "pungufu ya 10" au "pungufu ya 20" lina maana kwamba virusi vimo kidogo mno kiasi cha kutohesabika. Jibu la "havikuonekana" lina maana kwamba mashine haikukuta kitu katika damu ile. Majibu yote mawili hayasemi kwamba kirusi kimekwisha mwilini, kwa sababu kirusi cha homa ya ini B huficha vinasaba vyake ndani ya kiini cha chembe za ini, mahali ambapo dawa za sasa hazikiondoi.

Dalili ya karibu zaidi na kupona ni kipimo cha HBsAg kugeuka kuwa hasi na kubaki hasi. Jambo hilo hutokea, lakini kwa wachache, takriban mmoja katika kila mia kwa mwaka.

Kwa hiyo tunawasihi: aliyeandikiwa dawa, kwa kawaida tenofovir au entekavir, asiiache kwa sababu namba imetoweka. Dawa inapokatwa ghafla virusi huweza kurudi kwa kishindo, na ini likaumia vibaya kuliko mwanzo, hata kusababisha kifo. Tunasema hivi kwa uzito kwa sababu wapo wanaoacha dawa baada ya kuombewa, wakidhani kwamba kuendelea kumeza kidonge ni kukosa imani. Kanisa halifundishi hivyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu, kuzipokea dawa kama zawadi ya Muumba, na pia kusali katika ugonjwa. Mambo hayo yamewekwa pamoja, tusiyatenganishe. Anayeamini amepona na arudi apimwe, na daktari ndiye aseme kama dawa iachwe.

Tofauti na kipimo cha VVU

Waamini wetu wengi wamezoea kusikia habari za wingi wa virusi katika huduma za UKIMWI, na hivyo huhamishia mafundisho yale huku. Tofauti ni tatu. Kwanza, kila anayeishi na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri namba. Katika homa ya ini B, wapo wanaofuatiliwa tu kwa miaka. Pili, namba za homa ya ini B zinaweza kuwa kubwa kwa mamilioni, hivyo zisilinganishwe. Tatu, homa ya ini B ina chanjo, na VVU havina.

Anayeishi na maambukizi yote mawili amjulishe daktari wake. Dawa za VVU zinazotumika sana katika nchi zetu zina tenofovir na lamivudini, ambazo hufubaza virusi vyote viwili. Mtu huyo akibadilishiwa dawa bila daktari kukumbuka ini lake, anaweza kuumia.

Mama mjamzito na mtoto

Turudi kwa mama mwenye virusi 950,000. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kwamba mjamzito mwenye virusi 200,000 au zaidi, au mwenye HBeAg chanya mahali ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani, apewe tenofovir kuanzia kipindi cha pili cha ujauzito, angalau hadi atakapojifungua, ili kumkinga mtoto. Dawa hiyo imetumika kwa wajawazito wengi, hasa katika huduma za VVU.

Mtoto anapozaliwa, apewe chanjo ya homa ya ini B mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 24, na pale inapopatikana, aongezewe sindano ya kingamwili. Chanjo ambayo watoto wetu hupata kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14 ndani yake imo kinga ya homa ya ini B, nayo ni ya lazima kukamilishwa. Lakini kwa mtoto wa mama aliyeambukizwa, wiki sita ni muda mrefu wa kusubiri. Wazazi waulize mapema, kabla ya siku ya kujifungua, kama hospitali watakayokwenda inayo chanjo ya kuzaliwa. Mama anaweza kumnyonyesha mtoto wake. Asinyimwe ziwa kwa hofu.

Wachumba na wanandoa

Katika mafundisho ya ndoa tumekutana na wachumba ambao mmoja wao amegundulika wiki chache kabla ya kutangazwa kanisani. Tuseme wazi: homa ya ini B si kizuizi cha ndoa. Lakini kuificha si jambo dogo. Sheria Kanoni, katika kanuni ya 1098, inasema kuhusu mtu anayedanganywa kwa hila ili apate kukubali ndoa, juu ya sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa. Ndoa ya namna hiyo ni batili. Tusimjengee mtu nyumba juu ya siri. Ukweli ukisemwa mapema, kwa upole, mbele ya mtu wanayemwamini wote wawili, mara nyingi upendo husimama.

Na hapa kuna habari ya matumaini. Mchumba ambaye hajaambukizwa na apimwe kwanza, kisha apate chanjo: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu baada ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Mwezi mmoja au miwili baada ya kumaliza, apimwe anti-HBs. Ikifika 10 au zaidi, analindwa. Muda huo unalingana karibu na muda wa uchumba wetu wa kawaida. Ndiyo sababu tunapendekeza wachumba wapime mwanzoni mwa mafundisho, si wiki ya mwisho. Walio kwenye ndoa tayari nao wafanye hivyo, pamoja na watoto wote na watu wazima wanaoishi nyumba moja. Hadi kinga itakapothibitishwa, wafuate shauri la daktari.

Katika jumuiya zetu

Homa ya ini B haienezwi kwa kula pamoja, kuchangia vyombo, kukumbatiana, kupeana mikono wakati wa kutakiana amani, kukohoa au kupiga chafya. Haienezwi kwa kukaa benchi moja katika Jumuiya Ndogo Ndogo wala kwa kuimba katika kwaya moja. Mwanajumuiya anayetengewa kikombe chake kwenye msiba anaumizwa bure. Wembe, mswaki na mkasi wa kucha, hivyo ndivyo visivyochangiwa.

Anayeishi na virusi hivi aachane na pombe kabisa, iwe bia, mbege au gongo. Aepuke pia mahindi na karanga zenye ukungu, kwa kuwa sumukuvu ikikutana na homa ya ini B huongeza mno hatari ya saratani ya ini. Aogope vilevile dawa zinazouzwa mitaani kwa jina la kusafisha ini; nyingine huliharibu. Na asichangie damu.

Tunawakumbusha pia viongozi wa jumuiya kwamba majibu ya mtu ni ya mtu. Ombi la kuombewa halitoi ruhusa ya kutangaza ugonjwa wa jirani.

Maswali ya kumwuliza daktari

Mgonjwa na aende na karatasi zake zote, za zamani na mpya, na aulize:

1. Namba yangu iko kwa vizio vya kimataifa au kwa nakala? Ukilinganisha na ya mara iliyopita, imebadilika kwa kiasi chenye maana?
2. ALT yangu ni ngapi, na ini langu lina makovu?
3. Je, nastahili dawa sasa? Kama sivyo, ni kitu gani kitakachobadili uamuzi huo?
4. Nirudi lini kupimwa tena?
5. Je, nahitaji ultrasaundi kila baada ya miezi sita kwa ajili ya kuchunguza saratani?
6. Nani katika familia yangu apimwe au achanjwe?

Gharama ni kikwazo cha kweli, nasi tunalijua. Kipimo cha wingi wa virusi bado ni ghali kwa familia nyingi, na hakipatikani kila mahali, ingawa mashine za GeneXpert, zinazojulikana kwa kupima kifua kikuu, zinaweza pia kukifanya zikipata vifaa vyake maalumu. Asiyeweza kukilipia asikae nyumbani akidhani hakuna la kufanya. Mwongozo wa mwaka 2024 unaruhusu dawa kutolewa kwa kuzingatia makovu ya ini, au ALT iliyo juu mara kwa mara, hata bila namba ya virusi. Fedha iliyotengwa kwa mganga ingetosha kuanzia hapo, na Jumuiya inaweza kuchangia kilichopungua.

Neno la mwisho

Yule aliyeuliza kama atakufa alistahili jibu, nasi tulimjibu kwamba sote tutakufa, ila karatasi ile haikusema lini. Ilisema tu kwamba kuna kirusi, kwamba kinapimika, kwamba kinaweza kufubazwa, na kwamba mkewe na watoto wake wanaweza kukingwa. Msamaria mwema hakumwuliza majeruhi alikuwa akifanya nini kwenye barabara ile. Alimfunga majeraha, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa gharama. Na sisi tufanye vivyo hivyo kwa anayeleta karatasi iliyokunjwa: tuifungue pamoja naye, tuisome vizuri, kisha tumsindikize hadi mlango wa daktari. Anayetaka kupokea Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa kwa sababu ugonjwa umekuwa mzito, asiogope kutuita mapema.

Tunawakabidhi wagonjwa wote wa ini, pamoja na wanaowauguza, kwa maombezi ya Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa.